Dakika Thelathini na Tano, na za Kurudi

Tarehe 4 Juni

Mdogo wangu Rubani,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu hunipa nusu sentensi, kisha mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Barua hii nitamkabidhi karani wa kiwanja chetu, aitie kwenye mfuko wa barua za ndege, na keshokutwa utakuwa nayo mkononi. Hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia: barua itafika, Mama hakufika.

Nikueleze taratibu, maana tangu utoto wewe huruka hatua za hesabu kisha unashangaa jibu. Kutoka kiwanja chetu hadi chenu, ukinyoosha uzi kwenye ramani, ni kilomita mia moja themanini na sita. Barabara ni zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa kuwa inauzunguka mlima, halafu inarudi nyuma kutafuta daraja. Mtu huondoka alfajiri akafika taa zimewashwa, na kwa Mama, na umri ule, hiyo si safari, ni adhabu. Ndege inakata moja kwa moja: dakika thelathini na tano. Chai uliyoinywa huku inakuwa bado haijashuka tumboni.

Basi jana Jumatatu tulifika kiwanjani mapema, Mama na ile tiketi yako ya ndugu wa mfanyakazi, ya kupanda bure kiti kikibaki. Sijui kama ninyi wasimamizi wa viwanja vya ndege huwa mnatembelea viwanja vya wenzenu. Benchi la kungojea limevunjika mguu, limeegemezwa kwenye tofali, na juu yake kuna utelezi ambao si maji. Choo sitakieleza, nilimwambia Mama ajikaze. Bwana mmoja alikaa karibu yetu anakata kucha za miguu, na vipande vikaruka hadi kwenye begi la Mama. Nikavipangusa kwa gazeti, nikalitupa gazeti lenyewe.

Halafu mizani. Ndege yenu ni ndogo, kwa hiyo kila abiria hupandishwa na mzigo wake kama gunia la viazi. Mama alivua viatu kwanza, kwa adabu, kama anayeingia chumba cha mtu. Akapimwa, akavaa viatu, akaambiwa ndege imejaa. Imejazwa na nani? Na mbwa. Mbwa wa mkurugenzi wenu, ndani ya kizimba, anatiririka udenda, na kizimba kimewekwa pale kilipoondolewa kiti.

Tulirudi mchana. Mama akatangulia ndani peke yake, mimi nikabaki nateremsha mabegi. Jioni nikamwona anachechemea, mkono kiunoni. Shemeji yako anasema ni lile benchi. Waandikie wakubwa zako.

Ninakukumbusha: yule daktari wa macho anayezunguka yuko kwenu mpaka tarehe 21. Jicho la kushoto la Mama limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia linafuata. Asipofanyiwa upasuaji sasa, ni mpaka mwakani, na mwakani tumeambiwa itakuwa tumechelewa.

Kuhusu lile letu, sijamwambia. Yeye anajua anakuja kwa wiki mbili. Mabegi yana kila kitu chake. Akishapoa huko kwenu, utamweleza wewe kwamba harudi.

Kaka yako,
Mwalimu


Tarehe 6 Juni

Kaka Mwalimu,

Barua nimeipata. Nimeisoma nimesimama kando ya njia ya ndege, huku nikimtafuta Mama kwenye ngazi. Hakushuka.

Kwanza, mbwa. Mbwa wa mkurugenzi akibaki, mimi ndiye ninayebaki, bila kazi. Wewe umestaafu, unaweza kuwa na kinyaa na mbwa. Sisi wengine tunambembeleza, na akitulamba tunasema ahsante.

Pili, leo kiti kilikuwepo. Nilikishika mwenyewe tangu jana, nikampa karani wenu jina la Mama. Badala yake ameshuka mwuza betri mmoja, mnene, kalowa jasho, anakula yai la kuchemsha, maganda anayadondosha ngazi kwa ngazi. Nimemuuliza kiti amekipataje. Anasema "nimepewa". Kaka, nadhani mlichelewa kufika. Nakujua: ulisimama mlangoni ukamweleza Mama jinsi mawingu yanavyotokea.

Tatu, hilo letu. Nilikubali kwa sababu ulinibana makaburini kwenye ule msiba wa juzijuzi, mbele ya watu, na mtu huwezi kubishana na jembe mkononi. Ulisema miaka sita tangu Baba afe ni zamu yako, sasa zamu yangu. Sawa. Lakini Mama watoto bado sijamwambia. Anajua ni wiki mbili. Asubuhi ametandika kitanda cha watoto kwa ajili ya mgeni, anaimba. Nikamwangalia anavyoimba nikatoka nje. Wewe umefungasha vya Mama vyote, na mimi ndiye nitakayevifungua mbele ya mke wangu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka. Hii si zamu, umenitupia.

Mlete Jumamosi. Kiti kipo. Mpeleke mapema, na ufunge mdomo njiani.

Mdogo wako,
Rubani


Tarehe 8 Juni

Rubani,

Barua yako nimeipokea leo mchana pale pale kiwanjani, nikiwa nimekwenda kumchukua Mama. Ndiyo, kumchukua. Amekosa tena.

Sasa sikiliza, na usiniruke. Alhamisi tulifika kabla hata mlinzi hajafungua lango. Leo vilevile. Mara zote mbili mimi nimeishia mlangoni, kwa kuwa karani ameweka sheria mpya kwamba wasiosafiri wasikae ndani. Mara zote mbili nimesikia ndege ikipaa, nikahesabu moyoni kwamba sasa yuko juu ya mlima, sasa ameuvuka, nikarudi nyumbani nimeridhika. Na mara zote mbili karani amepiga simu dukani kwa jirani: Mwalimu, njoo umchukue mama yako.

Kwa hiyo usiniambie kiti kipo. Mtu mwenye viti na mwuza betri anayesema "nimepewa" ni hesabu ambayo hata darasa la pili wataifunga. Unauza kiti cha Mama. Hujakanusha mbwa, ndiyo maana nasema hutakanusha na hili. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mwanamke huyu, leo anamwacha kwenye benchi la utelezi ili amfurahishe mwuza betri.

Huku nyumbani nako hakukaliki. Nikueleze hali ilivyo ili uone haraka inayotukabili. Chumba cha Mama tulikigeuza cha kushonea siku ile ile ya kwanza, Jumatatu asubuhi, mara tu tulipotoka. Shemeji yako alikuwa amekwisha kuita vijana, kitanda kikavunjwa, mbao zikaegemezwa nyuma ya tangi la maji, na cherehani zake mbili zikaingizwa, kwa kuwa wateja wa sare za shule hawangoji. Ni jambo la mpango tu. Huwezi kuacha chumba kikae bure. Tatizo ni kwamba Mama amerudi, na akarudi tena. Tumemwambia kitanda kimeondolewa kwa sababu ya kunguni. Analala kwenye kochi la sebuleni. Hajalalamika. Anakula, anaosha sahani yake, anakaa na begi miguuni kama abiria. Shemeji yako anasema ule ukimya unamkata hamu ya kushona. Nami nakiri, macho yale meupe yakikugeukia mezani, huli kwa raha.

Mguu bado anauburuta. Benchi lenu hilo.

Tafadhali, Jumatatu. Daktari hangoji, na sisi hatuwezi kuendelea hivi.

Kaka yako,
Mwalimu


Tarehe 10 Juni

Kaka,

Leo pia hakushuka. Ameshuka mwanamke mwenye mapacha, mmoja kamtapikia mwenzake, na wote wawili wakakabidhiwa kwangu niwashike huku mama yao anatafuta kitambaa. Shati nimelivua. Nimeingia ofisini nikiwa na fulana, nikasoma barua yako, nikapiga simu kwa karani wenu nikiwa tayari kumfukuzisha kazi.

Nilimwambia, "Dada, kiti cha mama yangu unakiuza?"

Akacheka kwanza. Akasema, "Bosi, mimi huyo mama nampandisha kwenye mizani, nampa kadi ya kupandia, naye anaishika vizuri. Halafu anageuka, anauliza kwa sauti: nani hapa amekosa kiti? Akijitokeza mtu, anampa. Leo kampa mwenye mapacha. Namwambia, bibi, na wewe? Anasema: mimi bado najifikiria."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Na ile sheria ya watu wasikae ndani, yeye ndiye aliyeniomba niiweke. Bosi, huyo mama anakaa hapa mpaka mchana, ananieleza habari za ujana wake, ameniletea na chupa ya chai. Ninyi kwenu mmemfanya nini?"

Umesikia swali hilo, Mwalimu. Nilikata simu. Mtandao ulisumbua.

Kwa hiyo aliyekuwa anagawa kiti ni Mama mwenyewe, si mimi, na yale ya kuuza uyameze kama ulivyoyatema. Yeye anajua kitu. Nani kamwambia, sijui. Na hivi ninavyokuandikia, Mama watoto naye anajua, maana shati nililirudisha nyumbani na barua yako mfukoni, akaiona kabla sijalichoma. Ameisoma yote, hadi sahihi. Alirudia pale penye habari ya kitanda nyuma ya tangi, akaiweka mezani kwa vidole viwili, namna mtu anavyoshika panya aliyekufa. Kisha akaenda kunawa mikono. Kwa sabuni, kaka.

Aliporudi akasema, "Hata kuku akihamishwa huonyeshwa banda jipya." Chakula cha jioni ameniwekea, akakifunika, akaondoka.

Nami nakuuliza. Tulikubaliana Mama ahamie kwangu. Nani alisema umvunjie kitanda asubuhi ile ile, hata hajapanda mizani? Nilidhani mimi ndiye mchafu kati yetu kwa kumdanganya mke wangu. Nimejinusa, nanuka, lakini wewe umenizidi.

Jicho la kulia linakwisha. Tarehe 21 daktari anafunga masanduku. Mwambie Mama ukweli ili aamue, ama sivyo tutakuwa tumempofusha sisi wawili.

Rubani


Tarehe 13 Juni

Mdogo wangu,

Nakujibu nikiwa nimekaa barazani, kwa kuwa ndani kuna kelele za shemeji yako. Barua yako imefika na ndege ile ile iliyomchukua Mama. Bila shaka sasa uko naye. Nikueleze mambo yalivyokwenda kwa mpangilio, ingawa mwenyewe sijauona mpangilio wake.

Jumanne Mama aliomba nimwonyeshe ramani. Nilifurahi, usinicheke, ni muda mrefu hakuna mtu nyumba hii aliyeniuliza kitu. Nilimshika kidole nikakipitisha juu ya uzi, kiwanja hiki mpaka kile. Nikamweleza mwendo wa ndege, urefu wa mlima, na kwa nini ni dakika thelathini na tano. Akasikiliza yote. Kisha akauliza, "Na kurudi?" Nikamwambia kurudi kuna upepo wa mbele, kwa hiyo zinakaribia arobaini. Akasema, "Haya." Sikuona kwa nini aulize habari za kurudi.

Jana, wakati mimi na shemeji yako tumetoka, aliita seremala. Si vijana wa mtaani, seremala, yule aliyetengeneza milango ya nyumba hii Baba akiwa hai. Tuliporudi tumekuta kitanda kimesimama mahali pake, misumari mipya, kimetandikwa shuka. Mabegi yote makubwa yamefunguliwa, nguo zimetundikwa. Cherehani mbili ziko nje uani, chini ya mchirizi wa paa, na usiku wa juzi mvua ilinyesha kwa hiyo pale chini kuna tope. Na mlangoni, kufuli. Kubwa, la shaba, kama la ghala. Ufunguo kauvaa shingoni.

Shemeji yako alimwuliza, "Mama, sasa mimi nitashonea wapi?"

Mama akasema, "Angalia tu pasiwe na kunguni."

Asubuhi hii amepanda na kibegi kimoja, cha wiki mbili. Hakuniruhusu nimsindikize. Aliaga kwa jirani, aliaga kwa seremala, mimi akanipita hapa barazani akasema, "Usisimame juani, Mwalimu." Ameniita Mwalimu, si mwanangu. Mama yangu mzazi. Watu wa mtaa wamesimama wanaangalia cherehani kwenye tope, wengine wameziba midomo. Nimetapika nyuma ya tangi la maji, pale pale kitanda kilipokuwa, na sijala kitu kibaya.

Bado sielewi alijuaje. Hatukusema neno mbele yake. Mwulize kwa upole, uniandikie.

Na kiuno chake aonwe pia na daktari. Lile benchi si la kulipuuza.

Kaka yako,
Mwalimu


Tarehe 19 Juni

Wanangu wawili,

Anayeandika ni mkaza mwana wangu, mke wa Rubani, kwa kuwa jicho langu moja limefungwa bandeji na jingine nimeambiwa nisilitume kazi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asirembe. Nakala moja itapanda ndege kesho kwenda kwa Mwalimu. Nyingine itasomwa hapa mezani, Rubani akiwa amekaa. Nimemwambia mkewe amfunulie chakula siku hiyo.

Jicho limefanywa Jumatatu. Jana walifungua kidogo kunijaribu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole cha daktari, kina wino. Cha pili ni uso wa huyu mwanamke anayeniandikia. Miaka sita nimemjua kwa sauti tu. Ana kidoti shavuni, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Mwalimu, umeuliza nilijuaje. Nitakueleza taratibu, kama unavyopenda.

Siku ile ya mbwa tuliporudi, wewe ulibaki na mabegi. Mimi chumba changu siingii kwa macho. Naingia kwa miguu: mlango, hatua kwa hatua mpaka goti liguse, nageuka, nakaa. Ndivyo nilivyofanya tangu baba yenu alipokiweka kitanda kile pale dirishani. Nilikuwa nimechoka. Goti halikugusa kitu, nikadhani nimekosea kidogo, nikageuka, nikakaa. Nilifika chini, kwenye sakafu, kiuno kwanza. Mbele yangu kulikuwa na chuma cha baridi. Nikakipapasa. Kina gurudumu.

Si benchi, mwanangu. Liacheni benchi la watu.

Nilikaa pale sakafuni nikawasikia mnaongea uani. Mkeo akakuambia, "Amerudi huyu, sasa tumlaze wapi?" Wewe ukasema, "Mwambie kunguni." Nimewasafisha ninyi wote wawili kwa mikono hii, matapishi, kamasi, yote, na sikuwahi kuona kinyaa. Siku ile niliona. Mkaza mwana ananiuliza kama hilo aliandike. Andika.

Ndipo nikaanza kuwapa watu kile kiti. Nilijua jicho linakwisha. Lakini nilijiuliza, nikilipata jicho halafu sina pa kurudi, nitakuwa naangalia nini? Mtu aliyeondolewa kitanda akiwa kwenye ndege, huyo hasafiri, anahamishwa. Kwa hiyo nikasema kitanda kwanza, jicho baadaye. Karani alinisaidia, na asiguswe kazini, Rubani, unanisikia. Yule mwuza betri alikuwa anakwenda kumzika mwanawe. Alikula lile yai kwa sababu nilimlazimisha, alikuwa hajala siku mbili.

Mnasema zamu. Zamu ni ya walinzi. Nyumba ile niliibebea maji ya zege nikiwa na mimba ya Mwalimu, na sijawahi kumwambia Mwalimu ni zamu yangu kumkaribisha. Aliingia na mkewe baba yenu alipougua, nikafurahi. Akitaka kubaki, abaki. Mkewe ashonee barazani, pana mwanga kuliko chumbani kwangu. Wakiona hapatoshi, viwanja vya kujenga havijaisha.

Hapa kwa Rubani nimepapenda. Nimelala vizuri kwenye kitanda cha watoto, wananipiga mateke. Huyu mwanamke ameniambia nikae hata mwaka, na ameniambia kwa mdomo wake, mbele ya mumewe, ambaye alikuwa anaangalia sahani. Nimemjibu nitakuja tena kwa hiari yangu, si mbali, ni dakika thelathini na tano. Rubani, hii ikimaliza kusomwa, mwombe mkeo radhi, si mimi.

Narudi Jumamosi. Nimekataa tiketi ya kiti kikibaki. Nimeuza bangili moja, nimekata ya kwangu, ina namba ya kiti. Hata mbwa akija, atanikuta nimekaa.

Mwalimu, uje kiwanjani kunichukua. Njiani unieleze habari za upepo wa mbele, sikumaliza kuzielewa. Tukifika, mabegi utashusha baadaye. Nitangulie mimi kufungua kufuli, wewe uje nyuma yangu mpaka ndani, usimame hapo mlangoni.

Safari hii nitaangalia kwanza, ndipo nikae.

Mama yenu